Vijidudu Vyekundu vya Macalder

Nikinusa msumari uliolowa, narudi Macalder, kiangazi kile visima vilipokauka. Mama alikuwa mtoni akitafuta dhahabu, na mdogo wangu alilia kiu mgongoni mwangu hadi sauti ikamwisha. Nikampeleka kwenye shimo la mgodi wa zamani. Kwetu tulijua kwamba maji yasiyo na mdudu ndiyo yenye sumu, na haya ya kijani yalijaa vijidudu vyekundu, vyembamba kama uzi.

“Kunywa, omera, ndugu yangu. Hawa wanacheza humu, wewe uogope nini?”

Akanywa, akacheka.

Jioni alitapika hadi akalegea.

“Mlikunywa wapi?”

“Kwa shimo, Mama. Lakini lilikuwa na wadudu!”

“Wale wamezaliwa humo, sumu wameizoea,” alisema Mama, akimfumba mdogo wangu macho.