Simu kwa Boya

Jambo la kwanza nililoligundua kwa Bi Arvilla Dorr ni kwamba alikuwa akipiga simu na kukaa kimya. Nilikwenda kwake kununua shada la Krismasi la kutundika mlangoni mwa ofisi yetu, nikamkuta jikoni, simu kaibana kati ya sikio na bega, mikono yake ikikaza waya kwenye matawi mabichi ya msonobari. Harufu ya utomvu ilijaa chumba kizima. Aliniashiria kwa kidevu niketi, nikaketi. Hakusema haloo, hakuitikia, hakuaga. Mwishowe aliiweka simu mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaniuliza kama nataka shada lenye utepe au lisilo na utepe.

Nyumbani mama alishangaa kwamba sijui. Nilizaliwa hapa Hadlock, mji wetu wa wavuvi, lakini miaka ya chuo ilinipita mbali na hapa, na mengine yalitokea nikiwa sipo. Mama alinieleza kwamba Bi Arvilla hulipigia simu boya.

Mbali baharini, serikali imetia nanga boya la manjano linalopima upepo, mawimbi na joto la maji. Mtu hupiga namba fulani, akabonyeza namba ya boya, na mashine ikamsomea vipimo kwa sauti ya mwanamume asiye na haraka. Wavuvi wa kambakochi hufanya hivyo kila alfajiri kabla ya kufungua kamba. Bi Arvilla hakuwa na chombo. Mwenye chombo alikuwa mwanawe, Galen, na maneno yake ya mwisho kwenye redio yalikuwa kwamba analipita boya na kwamba upepo umegeuka. Waliomtafuta waliufuata mkondo wa maji kuelekea kusini-magharibi mpaka wakakata tamaa. Haukupatikana hata ubao. Tangu hapo mama yake alikipigia simu kila asubuhi kitu cha mwisho kilichokuwa karibu naye.

Mchungaji alitaka wamwekee Galen jiwe makaburini hata kama hakuna wa kuzikwa. Bi Arvilla alikataa. Kila msimu alitengeneza mashada kwa mamia ya kuuzwa mijini, na hakuna hata moja lililokuwa la mwanawe. Alimwambia mchungaji kwamba shada ni la mtu aliyepatikana.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ndogo ya mbunge wetu, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kuwaeleza watu kwa nini serikali inachelewa. Kila mwaka Bunge hupitisha sheria inayozipa fedha idara za biashara, sheria na sayansi kwa pamoja. Utabiri wa hali ya hewa uko chini ya biashara, kwa hiyo boya letu lilipata riziki yake katika sheria ileile inayolisha magereza, wapelelezi na vyombo vinavyokwenda anga za juu. Lyle, kaka yake Bi Arvilla, alilieleza jambo hili vizuri zaidi kuliko mwalimu wangu yeyote. Alisema boya, jela na roketi vinakula sufuria moja, na mpishi kalala.

Mwaka uliofuata mpishi alilala kweli. Septemba, mwisho wa mwaka wa fedha, ilikwisha sheria haijapitishwa, na ofisi za idara hizo zikafungwa. Watabiri walibaki kazini bila mshahara. Wanaotunza maboya walirudishwa nyumbani, na meli yao ikafungwa gatini. Mashine ya simu haikuwa na mtu wa kuizima, basi iliendelea kusoma.

Mwishoni mwa Oktoba ilivuma dhoruba. Asubuhi iliyofuata nilipita kwa Bi Arvilla kuona kama paa lake limesalimika. Alikuwa katika hali yake ileile, simu begani, waya mkononi. Mashine huanza kwa kutaja mahali boya lilipo, ndipo isome vipimo. Niliona mikono yake ikisimama. Kisha, kwa mara ya kwanza, nilimsikia akizungumza na simu ile.

"Unakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama anavyoulizwa mtoto aliyekutwa mlangoni kavaa viatu.

Sauti ile haikusita. Iliendelea kusoma upepo.

Boya lilikuwa limekata nanga. Lyle alileta ramani ya bahari, akaitandaza mezani kati ya matawi na vikombe vya kahawa, na kila asubuhi dada yake alipomaliza kusikiliza, yeye aliweka alama kwa penseli. Sote tulitazamia alama ziteremke na mkondo. Zilipanda. Boya lilikuwa likirudi kaskazini-mashariki, likielekea pwani, likapenya katikati ya visiwa kama linalojua njia. Lilisimama chini ya Kisiwa cha Kondoo, ambako hakuishi mtu na ambako Galen hakuwahi kutafutwa.

"Ni upepo, dada," Lyle alisema. "Lina kichwa kikubwa lile. Linashika upepo kama tanga."

"Na siku ile upepo uligeukia wapi?"

Lyle aliilaza penseli juu ya ramani na hakuigusa tena siku hiyo.

Bahari ilipotulia kidogo alitoka kwenda kuliona, nami nikaomba kufuatana naye. "Haya, msomi," alisema. "Ukitapika, tapika upande usio wa upepo. Chombo nimekiosha jana." Kulikuwa na baridi kali, na moshi mweupe ulikuwa ukipanda kutoka majini, hata kisiwa kikaonekana kinaelea. Boya lilitokeza ndani ya moshi ule ghafla, la manjano, limesimama wima. Mawimbi yalikuwa yakipita chini yetu na kukiinua chombo, nami nilikuwa nimeshika reli kwa mikono miwili. Yalipolifikia boya yalipita pembeni yake. Halikuyumba. Mnyororo wake ulishuka majini umekazwa kabisa.

Lyle alitazama kifaa chake cha kupima kina, akatazama ramani. "Chini hapa ni tope," alisema. "Tope halishiki mnyororo." Alifunga kamba kwenye boya na kulivuta kwa winchi mpaka chombo kikalala ubavu. Kisha aliikata kamba kwa kisu.

Nilitoa simu yangu mfukoni nikalipigia boya lililokuwa mbele ya macho yangu. Sauti ya yule mwanamume ilinisomea mahali tulipokuwa. Ikasema mawimbi ni sifuri. Nilimwekea Lyle sikioni, akasikiliza, akawasha injini.

Nilimtafuta fundi mmoja wa maboya, aliyekuwa nyumbani kwake akipasua kuni kwa kukosa kazi. Alinieleza kwa upole kwamba kipimo cha mawimbi lazima kiligongwa kwenye dhoruba. Meli yao, alisema, ina kreni ya kuinua boya na mnyororo wote, na kazi hiyo itakuwa ya kwanza mara sheria itakapopita. Nilikimbia kumpa Bi Arvilla maelezo haya yote.

"Labda," alisema, akichagua tawi. "Au kuna mtu amelishika, litulie."

Tangu siku hiyo alikuja ofisini kwetu kila alasiri na kuketi karibu na dirisha. Nilimchorea kwenye karatasi njia ya muswada, kamati hii, baraza lile, maafikiano, saini. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza meli inatoka lini. Hakuwa akiuliza kwa kunikera. Betri ya boya ilikuwa ikifa. Kwanza mashine ilisema hakuna taarifa ya upepo. Kisha joto la maji likapotea. Baada ya Krismasi lilibaki jambo moja tu, mahali lilipo, lililotajwa kila asubuhi kwa sauti ileile isiyo na haraka, halafu kimya. Bi Arvilla aliogopa dhoruba nyingine ingelikwanyua boya pale pamoja na chochote kilicholishika, na safari hii lisingekuwa na sauti ya kumwambia limekwenda wapi.

Januari muswada ulipita. Nilisikia ofisini, nikatelemka ngazi bila koti na kukimbia mpaka jikoni kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Bi Arvilla alikuwa na simu sikioni.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," alisema. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipa simu. Nilisikia mtiririko mwepesi, kama maji ndani ya kombe, na hakuna zaidi. "Leo hata mahali hakutaja," alisema. "Amechoka."

Saini iliwekwa, watu wakarudi kazini, na siku meli ilipofika tulikuwa tukiingoja katika chombo cha Lyle, kwa umbali tulioamriwa. Bi Arvilla hakuwa amepanda chombo chochote tangu Galen apotee. Aliketi juu ya kreti iliyofunikwa blanketi, na magotini alikuwa na shada dogo lisilo na utepe. Hakuna aliyemuuliza. Boya lilikuwa palepale, wima, na moshi wa bahari ukilizunguka.

Kreni ilipinda kwa uzito. Mabaharia waliokuwa wakitaniana walisogea ukingoni mmoja mmoja. Boya lilitoka majini likining'inia, kisha mnyororo ukaanza kupanda, pingili baada ya pingili, ukidondosha tope jeusi. Meli iliinama kidogo upande wetu.

"Unaona nini?" Bi Arvilla alimuuliza kaka yake.

Lyle alikuwa na darubini machoni. Hakuishusha.

"Mnyororo, dada. Bado ni mnyororo."