Jembe la Mazoezi

Muganga wa kituo cha afya alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama mshale, akakijaza tena. Kisha akanitazama mimi.

"Mama, tansio iko juu. Unafanyaka kazi gani?"

"Ya kuandika. Naifanyaka ku nyumba."

"Njo hiyo. Unakaa sana. Ufanye sipori, dakika makumi tatu kila siku. Ukishindwa tutakupa dawa, na hii dawa ukianza, hauiache tena."

Nilitoka pale nimenuna. Mimi hukasirika upesi, na hukasirika zaidi mtu akinieleza kweli. Kijiji chetu cha Kashuga chote ni kupanda na kushuka. Mama zetu huteremka mtoni na bidoni tupu na kupanda nazo zimejaa. Kuna watu waliokimbia vita kutoka Itebero mpaka huku kwa miguu, na hakuna aliyewaambia kwamba wamefanya mazoezi. Sasa mimi, mzaliwa wa vilima hivi, naambiwa nitembee! Lakini nilipozikumbuka hatua zangu za siku ile, zilikuwa za kitandani hadi mezani, mezani hadi jikoni, jikoni hadi chooni. Na baba yangu alikufa kwa tansio, hiyo presha ya damu, katika umri ambao mimi naukaribia. Hilo sikumwambia muganga, ila ndilo lililonitisha.

Kazi yangu ni hii: ofisi moja ya Goma hunitumia sauti za wakulima wakieleza maisha yao, kwa Kiswahili na kwa Kihunde, nami ninaziandika kwa Kifaransa. Mtandao huja vizuri alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, kwa hiyo alfajiri ni ya kutuma na kupokea. Jua likipanda, betri inajaa kutoka kwenye plaki ya sola iliyo juu ya paa, nami naandika mpaka mawingu ya mchana yafunike. Saa nane ofisi inapiga simu. Katikati ya hayo kuna sufuria, kuna kufua, kuna kwaya. Nilitafuta pa kuziweka hizo dakika thelathini kama mtu anayetafuta pa kukaa ndani ya gari lililojaa magunia.

Shamba langu, nililoachiwa na baba, liko juu ya kijiji, mwendo wa nusu saa. Tangu nilipoanza kazi ya meza sikulilima tena. Aliyelilima ni mama mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Kibua, anayeishi kambini hapa na watoto wanne. Tulipatana kwa salongo, kama wengi wa huku: Jumanne na Ijumaa ananilimia mimi, nami nampa kipande kule chini, kando ya kijito, alime chake. Kipande hicho ndicho kilichowalisha watoto wake. Hatukuandikiana chochote. Neno salongo nimelisikia katika sauti za watu wengi sana na kuliandika mara nyingi sana, hata likawa kwangu neno tu, lisilo na mtu ndani yake.

Mazoezi nilianza kwa kuruka kamba chumbani. Mama yangu, ninayeishi naye, alisukuma mlango akasimama pale na mwiko mkononi.

"Nani anakufukuza?"

"Muganga."

"Muntu mwenye shamba anarukaruka mu chumba kama mbuzi ya ku kamba! Tutachekwa."

Nikahamia barabarani. Siku ya kwanza niliondoka saa kumi na moja jioni, mikono mitupu, na kabla sijafika kanisani nilikuwa nimesimamishwa na watu sita. Huku mtu hampiti mwenzake bila kumsalimu, na salamu haikamiliki bila kujua unakwenda wapi.

"Unaenda wapi, Mama?"

"Natembea tu."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi."

"Pole. Nani amekufa?"

Mmoja alinipa hata mkungu wa ndizi nimfikishie dada yake, kwa kuwa, alisema, sina mzigo. Dakika zangu thelathini ziliishia katika habari za nyumbani na za watoto. Nilirudi nimechoka mdomo, miguu mizima. Usiku sikuelewa kabisa: watu wote wanaonizunguka wanatoka jasho tangu asubuhi bila kulitafuta, na mimi ninayelitafuta silipati.

Ndipo likanijia wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili nyingi. Shamba si lipo? Jembe si lipo? Nitapanda alfajiri, nilime nusu saa, niteremke kabla jua halijaanza kuchaji betri. Mwili utapata chake na shamba litapata chake. Faili zitatumwa kwa kuchelewa kidogo, ofisi itanung'unika, basi. Nilimweleza mama yangu akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakusimamisha mchi.

"Na ule mama wa kambi, umemuambia?"

"Nitamuambia."

Sikumwambia. Nilikuwa na sauti tatu za kumaliza, na kweli ni kwamba sikuona la kumwambia. Mtu anaomba ruhusa kulima kwake?

Jumatatu nilipanda mlimani gizagiza. Nililima mpaka viganja vikatoa malengelenge, nikashuka nimelowa mgongo, na nilipokaa mezani kichwa kilikuwa chepesi, mambo ya ajabu. Niliandika asubuhi ile kuliko siku mbili za kawaida. Jumanne nikapanda tena, nikalima ile sehemu ya juu yenye majani mengi, na nilikuwa katikati ya tuta nilipomwona yule mama amesimama mpakani, jembe lake begani.

"Mama, leo unalima wewe mwenyewe?"

"Nimeanza," nikasema, nikihema, na kwa fahari. "Wewe pumzika. Enda tu ku nyumba, ubakie na batoto."

Alitazama matuta yangu, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. "Sawa, Mama," akasema. "Aksanti." Akageuka na jembe lake. Mimi nikarudi kulima, nikifurahi kwamba nimempa mtu siku ya kupumzika. Ijumaa hakuja, nikasema moyoni, amezoea vizuri.

Jumamosi niliteremka mpaka kijitoni kuosha miguu, nikakuta kipande chake kitupu. Maharagi yote yameng'olewa, mashimo madogo yakiwa wazi kwenye udongo mbichi. Yalikuwa hayajakomaa, yalihitaji majuma matatu bado. Hata ya mpakani, yale membamba yasiyo na kitu ndani, hayakuachwa. Wezi, nilisema. Lakini mwizi gani anaacha yangu yaliyokauka pale juu na kuiba mabichi? Nikafikiri mbuzi, lakini mbuzi hang'oi kwa mstari. Nilichanganyikiwa, hasira zikapanda, na sikujua nimkasirikie nani. Nikashuka moja kwa moja mpaka kambini na matope miguuni, nimpelekee habari mbaya mwenye mali.

Nilimkuta mbele ya kibanda chake, amepiga magoti, anapuliza moto.

"Mama, bezi banang'oa maharagi yako yote!"

Aliinuka polepole. "Haiko bezi, Mama. Ni miye."

Nikatazama sufuria. Ilikuwa imejaa maharagi mabichi na maganda yake.

"Wewe? Juu ya nini? Si bado haijakomaa!"

"Uliniambia nibakie ku nyumba." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Mwenye shamba akianza kulima yeye mwenyewe, salongo inaisha. Salongo ikiisha, kipande inarudia mwenyewe. Nikasema niwahi hata haya mabichi, kabla uingize jembe kule chini."

Nilianza kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yangu yalivyonipotea. Nilimweleza tansio, kukaa, dakika thelathini, sipori. Alinisikiliza kwa heshima, kichwa upande.

"Kwa hiyo unalima juu ya kutoka jasho."

"Ndiyo."

"Haiko juu ya chakula?"

"Hapana."

"Na ile jasho ikishatoka, inakusaidia nini?"

Nilimwambia ni kwa ajili ya moyo. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu mwenye homa, akaingia ndani, akatoka na sahani. Alinipakulia. Watoto wawili walisimama mlangoni wakifuata kijiko kwa macho. Mgeni hakatai chakula, nami nilikula yale maharagi laini yasiyo na ladha, nikijua kila kijiko kingekuwa mara tatu ya hicho kama ningefungua mdomo Jumanne na kusema maneno mawili. Niliona aibu mpaka masikioni.

Nilipomaliza nikasema: "Kile kipande chukua kabisa. Ulime yako tu. Salongo, usinifanyie tena."

Nilidhani atafurahi. Uso wake ukakunjamana.

"Hapana, Mama. Bantu bananiona napanda kwako na jembe kila Jumanne na Ijumaa, banajua ile kipande iko na sababu. Kama sikulimie, siku moja muntu atauliza: huyu iko hapa kama nani? Na siku ile wewe labda hauko."

"Basi tutalima sisi wote bawili."

Alifikiri. "Tukiwa bawili, kazi ya siku mbili itaisha siku moja. Salongo ya siku moja, watanipa nayo kipande ya namna gani?"

"Nani watakupa? Shamba ni yangu mimi!"

"Leo," alisema.

Moyo wangu unataka jembe. Watoto wake wanne wanalitaka hilohilo. Na kazi ya kulima ni moja, na mlima ni ule ule.

"Tembea, Mama," akasema, sasa kwa upole kabisa, kama anayebembeleza. "Panda, shuka, ruka vile muganga anataka. Lakini jembe, uniachie."

"Sawa," nikasema.

Hakuridhika. Alimwita jirani yake, mama mtu mzima aliyekuwa akianika muhogo, akamweka katikati yetu, akaniomba nirudie. Nikasimama mbele ya shahidi, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba mimi, mwenye shamba, sitalilima tena.