Mwaka Uwanja Ulipojaa Kuku

Asubuhi za nyumbani kwetu, karibu na Ilongero, zilikuwa na kelele ambayo sijaisikia tena mahali popote. Kuku walishuka mtini, wakatoka bandani, wakatoka jikoni, wengine chini ya kitanda cha wadogo zangu, wote wakakutana uwanjani kudai chakula kwa wakati mmoja. Mdogo wetu wa mwisho alisimama katikati yao na kopo la pumba. "Shikamoo, jogoo," alisema, kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti nzito: "Marahaba, mwanangu."

Tulikuwa wanne: mimi mkubwa, mdogo wangu wa kike anayenifuata, wa kiume, na huyo wa mwisho. Baba alitangulia, mama akamfuata. Ng'ombe walikwisha wakati wa kuwauguza, nami nikaacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba ili tusigawanywe, huyu kwa shangazi, yule kwa baba mdogo.

Kuku walianza kama pole. Kila ndugu aliyekuja kututazama baada ya msiba wa mama alifika na mtetea kwapani. "Hatuna kingine, wanangu. Huyu atawatagia." Nao walitaga, wakaatamia, wakatotoa. Wakati wa mama kuku walikuwa wachache. Banda likianza kubana tu, alimwita mnunuzi. Mimi sikumwita.

Sababu ilikuwepo. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la saba, na hapakuwa na mtu aliyetilia shaka kwamba angechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Kuku wale ndio waliokuwa shule yake: sare, godoro, sanduku la bati, nauli. Alilijua hilo kuliko mimi. Jioni alipowafungia alikuwa akiwagusa mmoja mmoja na kusema, "Wewe ni sketi. Wewe ni viatu. Wewe mwembamba, wewe ni soksi."

Mnunuzi alipita na baiskeli yake, tenga nyuma, kukusanya kuku wa kupeleka stendi mjini. Akasimama, akashika kiuno.

"Kijana, hapa pamejaa. Nipe nusu."

"Waache waongezeke kidogo."

"Waongezeke wakalale wapi? Mgongoni kwako?"

Wadogo zangu wakacheka, nami nikacheka, ila sikuuza. Ukweli ni kwamba wakati wa mavuno walikuwa wameshatosha. Sketi ilikuwepo, na godoro, na soksi. Lakini nilipowaona wamejaa uwanja namna ile nilianza kuona vitu vingine: mabati juu ya nyumba, plau, ng'ombe wawili wa kulivuta. Kila mtetea aliyelalia mayai aliniongezea bati moja kichwani.

Kuku wengi hawakai kwao. Bibi jirani yetu alikuwa ameanika uwele wake uwanjani, akaingia ndani kutafuta ungo, na alipotoka hakuuona uwele, aliona migongo ya kuku. Kelele zake zilitufikia kabla yake.

"Wewe mama kuku!" Ndivyo alivyoniita tangu nilipoacha kuchunga. "Jeshi lako limekula chakula changu!"

"Shikamoo, bibi. Nisamehe."

"Marahaba, lakini sisamehi." Kwapani alikuwa na kishingo, yule kuku wetu mwekundu asiye na manyoya shingoni. "Huyu nilimkuta tumbo limejaa kuliko wote. Uwele wangu uko ndani yake, kwa hiyo naye ni wangu."

Mdogo wetu wa mwisho alilia hadi akakosa sauti. Bibi hakugeuka. Alimfunga kishingo mguu kwa kamba nyuma ya nyumba yake, mbali na wenzake, na baada ya siku kadhaa akampa mayai ya kulalia.

Mdondo ulikuja kiangazi kilipokolea. Asubuhi moja kelele ilipungua, na hilo ndilo lililoniamsha. Wengine walikuwa wamejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. Wengine shingo zimepinda wakitazama juu kama wanaotafuta mvua. Tulisaga pilipili na mshubiri tukawawekea kwenye maji. Huenda tungewatenga wazima na wagonjwa, lakini tungewatenga wapi? Walilala wamebanana, bega kwa bega. Ugonjwa haukuwa na safari ndefu.

Waliokuwa bado wanasimama tuliwachinja. Hivyo watoto ambao walikuwa wakiota nyama tangu msiba wakala nyama asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kwanza ilikuwa kama sikukuu. Kisha mdogo wetu wa mwisho akasukuma bakuli na kusema taratibu, "Kaka, leo tule mlenda tu." Waliobaki tuliwafukia shimoni. Mdogo wangu wa kike alikuwa akiwasogeza kwa jembe na hakutaja sketi wala viatu.

Tulipomaliza alinawa mikono, akasema, "Nitabaki. Tutaanza upya pamoja."

"Wewe utakwenda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyebaki. Mmoja anatosha."

Nilikwenda kufyatua matofali, na matokeo yalipotoka, jina lake lilikuwemo. Sare ilipatikana kwa matofali hayo. Godoro hatukuweza kununua, kwa hiyo tuliliweka uwanjani lile wadogo zangu walilolalia, tukalikata katikati kwa kisu cha jikoni. Nusu yake, nusu yao. Wenzake walikuwa wamesharipoti shuleni, na sisi bado hatukuwa na sanduku wala nauli.

Ndipo bibi jirani alipotokea na majogoo wachanga, amewafunga miguu, vichwa chini. Nyuma yake kishingo alifuata bila kamba.

"Chukua."

"Bibi, si ulisema kishingo ni wako?"

"Mama yao nilimkamata kwa kosa lake. Vifaranga sikuwashitaki." Akawaweka chini. "Mwite yule wa baiskeli leo hii, kabla hujaanza kuwahesabia mabati."

Sikujua kwamba aliyajua mabati. Pengine nilikuwa nikiyasema kwa sauti.

Mnunuzi aliwachukua wote asubuhi ile ile, na kesho yake mdogo wangu alikwenda, nusu ya godoro imekunjwa kichwani. Kishingo tulirudishiwa, na kuku wote nilionao leo wametoka kwake.

Nawapa chanjo ya matone kwa wakati, na banda ni lile lile la mama, sikulipanua. Hata hivyo zipo asubuhi ninapotoka nje na kuutamani ule uwanja uliojaa, makelele yale, wanne sisi tukigombania kopo moja la pumba. Mabati yalikuja baadaye sana, wadogo zangu wakiwa wameshaondoka.

Mdogo wangu wa kike sasa anafundisha. Akija likizo, kabla hajakaa, kabla hata hajaomba maji, anazunguka nyuma ya nyumba kuchungulia banda. Nakaa kwenye kigoda namsubiri, kwa sababu najua atakalosema.

"Kaka, wametosha hawa. Uza."

Nauza.