Sifuri ya Moduli ya Ufuo

Tarehe 9 Machi 1990, Dalmas Odera aliandika sifuri mbele ya neno UFUO. Tarehe hiyo, pamoja na herufi za kwanza za jina lake, bado iko juu ya faili linaloamua ni sehemu zipi za programu ya Ghala zijengwe na zipi ziachwe. Anayefika ofisini kwake, jirani na soko la Kibuye, anaweza kuonyeshwa.

Ghala ni programu kubwa iliyoandikwa kwa lugha ya C. Hutunza hesabu za samaki tangu wanapopimwa uzito hadi wanapotoka kwenye vyumba vya baridi. Kompyuta za viwanda wakati huo zilikuwa na kumbukumbu finyu, kwa hiyo Dalmas, mkuu wa waandishi wa programu, aliigawa katika moduli za hiari. Mteja akitaka moduli fulani, iliwekewa moja na kompaila, ile inayogeuza maandishi ya C kuwa programu ya kuendeshwa, ikaijumuisha. Asipoitaka, iliwekewa sifuri na kompaila ikairuka kana kwamba haikuandikwa. Mpango huo ulikuwa mzuri, na hata leo anautetea.

Moduli ya Ufuo ilikuwa kazi ya Seline Anyango, mzaliwa wa Asembo Bay, ambako mama yake aliuza samaki. Ilionyesha kila sanduku la samaki limetoka ufuo gani wa ziwa. Wenzake walimtania. "Seline, mbuta akishakatwa minofu anakumbuka kwao?" Alijibu kwamba mnunuzi ndiye atakayekumbuka.

Hakuna mteja aliyeiomba. Dalmas aliizima, akamwahidi Seline kwamba siku ikihitajika itakuwa tayari. Seline alisubiri, akachoka, akarudi nyumbani kufundisha hesabu.

Julai mwaka huu wa 1997, mteja mkubwa kuliko wote, kiwanda cha minofu hapa Kisumu, alipiga simu. Wanunuzi wake wa ng'ambo walitaka kujua asili ya kila sanduku. Asipoweza kuwaonyesha, angehamia programu nyingine.

"Hiyo tunayo," Dalmas alisema.

Alibadilisha sifuri ikawa moja, akaanza kujenga. Skrini ilijaa makosa. Kwa miaka saba alikuwa amebadilisha majina ya sehemu za Ghala na kufuta nyingine, na kila mara aliijenga bila Ufuo. Kompaila haikuwahi kuisoma moduli hiyo, basi haikuwa na la kulalamikia.

Alichapa orodha ya makosa, akaenda Asembo Bay. Seline alimpokea kwenye baraza ya nyumba ya walimu.

"Bwana Dalmas, wageni huja na sukari. Wewe umeniletea makaratasi?"

"Sukari iko kwa gari, Mwalimu. Soma kwanza."

Alisoma bila haraka. "Nani alitoa hii sehemu ya mizani? Ufuo yote ilikuwa inaitegemea."

"Ni mimi."

"Na hukujenga na Ufuo hata mara moja, uone tu?"

"Hakuna mteja aliiomba."

"Sisemi kuuza. Nasema kujenga, hapo mezani kwako." Alimrudishia karatasi. "Nyumba ikikaa bila moshi, mchwa wanaingia. Hiyo unajua, wewe ni mtu wa hapa."

Dalmas alimwomba arudi Kisumu kwa mwezi mmoja.

"Nina watoto wa mtihani. Halafu hiyo kazi imenitoka kichwani. Ungekuja mapema ningekumbuka."

Alimpakulia ugali na omena, wakaongea habari za mvua. Sukari aliipokea.

Dalmas alijaribu peke yake. Kila kosa alilorekebisha lilifichua jingine, na moduli ilipokubali kujengwa, ilitaja fuo zisizo sahihi. Kiwanda kilisubiri hadi Septemba, kisha kikanunua programu kutoka Nairobi.

Sasa kila Ijumaa Dalmas huijenga Ghala moduli zote zikiwa zimewashwa, hata zile ambazo hakuna aliyezinunua. Hajutii ile sifuri. Anachojutia ni ahadi. "Nilimwambia itakuwa tayari," alisema, "na sikuwahi kuangalia."

Programu ya Nairobi itaanza kazi kiwandani Jumatatu ijayo. Dalmas ndiye atakayehamisha kumbukumbu za Ghala kuingia humo.