Kipara Changu Kilivyomzulia Shangazi Msiba

Jamani, aibu hii nimeikalia miaka mingi, na leo naisimulia kwa sababu shangazi mwenyewe kanipa ruhusa, tena kasema nisipunguze kitu.

Ilikuwa enzi zile kalikiti, ule mtindo wa nywele za kukunjwa kwa dawa na kupakwa mafuta, imeingia Sumbawanga, maduka yamejaa mafuta ya nywele baada ya miaka ya kuoshea kichwa sabuni ya kufulia, na mimi Oliva nywele zangu ziling'aa mpaka kola ya gauni inalowa (nilijisikia sana, sikatai). Shangazi Yustina, aliyenilea, alikuwa ametoka Dar kutibiwa saratani ya titi. Dozi ya kwanza ilimpukutisha nywele zote, akarudi kwetu Izia akajifungia ndani, hataki kuonwa hata na jirani, na safari ya dozi ya pili akaikataa kabisa.

"Dawa gani inamnyonyoa mtu kama kuku?" akasema. "Siendi."

Niliogopa, maana daktari alishasema akikatiza dawa, ugonjwa utarudi na nguvu. Nikawaza, nikinyoa na mimi tukawa vipara wawili, ataona si kitu, basi nikaitoa kalikiti yote kwa wembe. Kwa kulifurahia wazo langu nikasahau kwamba kwetu mwanamke hanyoi kipara hivi hivi. Ananyoa akifiwa.

Na kichwa hicho hicho nikaenda kwa Mama Skola, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, kuazima sufuria kubwa nipike uji wa ulezi wa siku nzima (dawa ilimtoa shangazi vidonda mdomoni, uji uliopoa ndio pekee uliopita). Mama Skola akaangalia kipara, akasikia sufuria kubwa, akaniangukia shingoni analia. Nikajua ameguswa na upendo wangu, nami nikalia, tukalia vizuri tu, hakuuliza kitu na sikusema kitu.

Uji haujachemka nikasikia vilio vinakuja. Wanawake wana unga kichwani na kuni, wanaume wana majembe ya kuchimbia kaburi, na nyuma yao jirani yetu mfugaji, Mzee Masanja, anakokota mbuzi. Shangazi kusikia vile akatoka mbio, kasahau hata kujifunika kichwa.

"Nani kafa?" akauliza.

Mmoja wa wenye majembe alikwishaanza kukimbia.

"Wewe, Yustina," akasema Mama Skola kwa sauti ndogo.

Shangazi akaangalia kichwa changu, akaangalia majembe, akacheka mpaka akakaa chini mlangoni. Mimi nilitamani kuingia ndani ya sufuria. Lakini watu walikuwa wanakodolea kipara chake, ikabidi aeleze mwenyewe, kama daktari alivyomweleza.

"Mwilini kuna chembe ndogo ndogo zinazojigawa, zikitosha zinaacha," akasema. "Hizi za saratani haziachi, zinajigawa na kubanana mpaka zinakuwa uvimbe. Dawa inapita kwenye damu inawinda kila chenye haraka ya kujigawa. Mashina ya nywele nayo yana haraka hiyo, ndiyo maana yamechapwa, ila yenyewe yatapona, nywele zitaota. Na zile mbaya zilizobaki zinapigwa tena kabla hazijaongezeka."

"Sasa hiyo ya kupigwa tena ni lini?" akauliza Mzee Masanja.

Shangazi akajishika kipara. Nadhani ndiyo kwanza alijisikia alichokuwa anasema.

"Wiki hii," akajibu. "Nimeshaona mtakavyonililia, nimeridhika. Acha niende nikawacheleweshee kilio."

Mama Skola akainama kuuchukua unga wake. Shangazi akamwambia rambirambi hairudishwi, na mbuzi yule tulimuuza, nauli yake ndiyo iliyotufikisha Dar. Kwenye basi la Mbeya abiria walipoona vipara viwili wakatupa pole na maandazi, nikafungua mdomo nijieleze, shangazi akanikanyaga mguu.

Nywele zake ziliota, nzuri kuliko zangu. Mimi mpaka leo, hata nikitaka kupunguza ncha tu, napita kwanza nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba kwetu wote tu wazima.