Wasifu wa Lameck Kabla ya Siku Yake

"Huendi," Restuta alisema, akazitupa zile karatasi mezani, nusura ziangukie bakuli la mlenda. "Hata wakuwekee kiti cha kifalme, Baba Emilia, Ijumaa huendi."

Lameck aliziokota, akazifuta kwa kiwiko. Ulikuwa wasifu wake, kamati imeuandika ili usomwe mbele ya kijiji kizima siku atakapopewa ngao kwa miaka thelathini na mmoja ya utangazaji. Mkewe alikuwa ameusikiliza wote. Alizaliwa, alisoma, alioa, alijaliwa mtoto mmoja, mcheshi, hakuwa na makuu. Chini wameweka picha yake, wameizungushia utepe. Wasifu wa namna hiyo Restuta ameshausikia mara nyingi mno pale Miyuji, na kila uliposomwa, mwenyewe alikuwa amelala kwenye sanduku.

"Wamesahau saa ya mazishi tu," alisema.

Na si kwamba mumewe hakustahili sifa. Kuku akitaga Chimwaga, Lameck alikuwa na habari kabla jogoo hajaambiwa. Wafugaji wa Kolo waliapa kwamba akianza kusoma taarifa redioni, ng'ombe waliacha kunywa maji hadi amalize, na dume mmoja alitikisa kichwa kila zilipotajwa ahadi za uchaguzi. Baiskeli yake ilizunguka uwanda huu mpaka ikajua njia yenyewe. Siku moja alisinzia juu yake, akaamka yuko mlangoni kwa mjane aliyedhulumiwa shamba la zabibu, na mjane amekwisha kumtengea kigoda.

Ila alikuwa na desturi yake. Hakutangaza habari kabla ya kurudi kuwasomea wahusika. Aliyesema alisomewa, na aliyesemwa naye alisomewa, kwa sababu, alivyozoea kusema, neno usiloweza kumwambia mtu usoni usilipeleke redioni. Kwa hilo hata aliowaumbua walimheshimu. Mwizi mmoja wa mbuzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamsahihisha: hawakuwa sita, walikuwa tisa.

Safari hii habari ilikuwa ya kisima. Mkandarasi Charles alichimba, kikatoa vumbi. Siku ya uzinduzi bomba likamwaga maji, watu wakapiga vigelegele. Raheli, mama aliyetunza ufunguo wa pampu, ndiye aliyeliona boza la maji alfajiri ile likijaza tangi, akamnong'oneza Lameck. Habari ilipangwa kutoka Jumamosi ijayo. Sherehe ya ngao ikapangwa Ijumaa, palepale kisimani, na mwenyekiti wa kamati, aliyetoa na ng'ombe wa kuchinjwa, ni Charles.

Tangu Jumapili simu ya Raheli ilikuwa haipatikani. Asubuhi hiyo Restuta alimpata jirani wa Raheli kwa simu. Jirani alisema mbuzi wa Raheli wanalia zizini siku ya tatu sasa, hakuna aliyewafungulia.

"Charles alijuaje kwamba una habari yake?" Restuta aliuliza.

Lameck akatazama kucha zake.

"Lameck."

Miaka yote ya ndoa, alimwita kwa jina mara mbili tu, na mara ya kwanza nyumba ilikuwa inaungua.

"Nilimsomea," alisema. "Jumamosi iliyopita, ofisini kwake. Alinisikiliza vizuri. Akaniagizia na soda."

"Ukamtaja Raheli?"

"Simtaji mtu aliyeomba nimfiche, unanijua. Nilisoma tu, mama anayetunza ufunguo wa pampu."

Restuta aliketi taratibu, kama mtu anayeketi juu ya mkeka uliolaliwa na nyoka. Kijiji kile kina akina mama wengi kuliko mawe, lakini pampu ni moja na ufunguo ni mmoja.

Akamwuliza kama redioni wanayo nakala. Hawana. Habari yote ilikuwa kwenye daftari, na daftari limo mkobani, na mkoba umening'inia nyuma ya mlango. Alikuwa anasubiri kumsomea Raheli kwanza.

"Ipeleke leo," Restuta alisema. "Waisome jioni hii. Ikishasikika na watu wote, Charles hatakuwa na faida tena ya kumnyamazisha mtu."

"Raheli hajasomewa. Sijawahi kumruka mtu, Mama Emilia."

"Na kama hana tena masikio ya kukusikia?"

Hilo lilimwingia. Akausukuma ugali pembeni. Kisha akainuka, akatungua mkoba, akauvaa begani.

"Mimi nakwenda redioni," alisema. "Wewe nenda kituo cha polisi, uwaambie kwamba Raheli—"

Mlango ukasukumwa bila hodi. Charles alikuwa kizingitini, kofia mkononi, viatu vyake vimetapakaa vumbi jekundu la kule kisimani. Nje gari lake lilikuwa linanguruma, halikuzimwa.

"Mbukwa, shemeji," alimsalimu Restuta kwa upole, macho yakiwa kwenye mkoba. "Nimekuja kumchukua mwenye sherehe. Tumeona ni vizuri alale hukohuko hadi Ijumaa, asije akachelewa."