Fundi Saa Alipofungua Diski

Kaka yangu ni fundi saa, na kiburi chake ni kile kile cha mafundi saa wote: kitu chochote kinachotoa mlio, anaamini kinamwita yeye. Nampenda, lakini kwa hili mpaka leo sijamsamehe.

Mke wake, wifi yangu, alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Madaktari walipomwambia kwamba operesheni ya koo itaondoka na sauti yake, hakulia mbele yetu. Siku moja kabla ya kulazwa aliniita, tukakaa sebuleni mbele ya kompyuta ya mezani, mimi nikibonyeza kitufe, yeye akisema. Alirekodi vipande kumi na vinne, vyote vya kumwachia mumewe, vikabaki humo kwenye kompyuta tu. Kaka akakataa kuvisikiliza.

"Nitavisikiliza akishapona," alisema. "Sitaki kumlilia mtu aliye hai."

Wiki sita baadaye wifi alikuwa amerudi nyumbani, daftari mkononi na kalamu ikining'inia shingoni kwa uzi, na kompyuta nayo ikaanza kuugua. Kwanza ilichukua robo saa kuwaka. Kisha ikawa inaganda kila ukifungua faili. Ijumaa iliandika kwenye skrini nyeusi kwamba diski inakaribia kufa, nakili vitu vyako mara moja. Mimi ni karani wa masjala. Nimeona kumbukumbu za miaka zikipotea kwa sababu mtu alidharau maneno kama hayo.

"Zima, kaka. Usiiguse tena. Yule mama anayetengeneza kompyuta karibu na posta anarudi Jumatatu."

"Nimeiwekea ule ukaguzi wa kompyuta yenyewe," akasema. "Inajikagua na kujirekebisha yenyewe."

"Mara ngapi?"

Mara tatu, na kila mara ilikwama kwenye asilimia kumi na moja. Diski inayougua huondolewa vitu vyake kwanza, ndipo itibiwe. Kuikagua vile ni kumkimbiza mwenye pumu ili ujue anaumwa kiasi gani. Nilimwambia hivyo, tena kwa ukali, nikachomoa waya ukutani na kwenda zangu nikidhani nimeeleweka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi mchana nilimkuta kwenye meza yake ya kazi, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Diski ilikuwa wazi mbele yake. Skrubu alikuwa amezipanga kwenye kisahani kwa mfuatano aliozitoa, nadhifu kabisa.

"Ilikuwa inagonga, ti, ti, ti," akasema bila kuinua uso. "Mlio huo naujua. Ni mkono wa ndani umekwama. Nimeusogeza kidogo tu, nikapuliza vumbi kwa kimpira changu cha kupulizia saa."

"Kaka, kitu hicho hakifunguliwi. Chembe moja ya vumbi inakiua."

"Saa nazo walisema hivyo hivyo."

Akaifunga, akairudisha mahali pake, akawasha. Haikugonga tena. Ilikwaruza, kama kijiko kwenye kitako cha sufuria, na kompyuta ikaandika kwamba haioni diski yoyote. Akazima, akawasha. Mara ya tano nilimshika mkono, maana bado ulikuwa unatafuta kitufe.

Jumatatu yule mama wa karibu na posta aliitazama diski chini ya taa.

"Nani ameifungua?"

"Mimi," akasema kaka.

"Ingekuja imefungwa, huenda ningeokoa vingi. Hii imechubuka mzunguko mzima. Pole sana, mzee wangu. Hapa hakuna la kufanya."

Nyumbani kaka hakutafuta maneno. Alimwambia mkewe, "Nimeiua sauti yako. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu." Wifi akaandika, akamgeuzia daftari: *Ulisikiliza hata kimoja?* Kaka akatikisa kichwa. Wifi akalirudisha daftari mapajani, akaendelea kuliangalia swali lake mwenyewe. Nilikuja na hasira tele ya kummwagia kaka. Sikuona tena pa kuimwagia.

"Mdogo wangu," kaka akaniambia, "wewe ulikuwepo. Alisemaje?"

Nikamtazama wifi. Akaniitikia kwa kichwa.

"Cha kwanza ni cha kukuamsha," nikaanza. Sauti yangu ni nzito, ya kuita mafaili dirishani, na sikuwahi kuichukia kama siku ile. "Alisema, 'We baba, amka. Saa za watu wote zinakwenda, yako tu imelala. Chai inapoa. Na usijifanye husikii, nakuona unavyocheka.'"

Kaka hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama midomo ya mke wake, ambayo ilikuwa inayasema yote pamoja nami, neno kwa neno, bila kutoa hata pumzi.